Gego la mwisho limetoboka: lizibwe au ling'olewe?

Barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, jino la mtu ni mali ya umma. Juzi kijana mmoja wa bodaboda alikuja kunywa kahawa ameshika shavu la kushoto. Akasema gego lake la mwisho la chini limetoboka, akinywa maji ya baridi anaruka. Hakuomba ushauri, lakini alipewa. Mzee wa kwanza, kashata imejaa mdomoni, akasema, "Mwanangu, jino la mwisho lina kazi gani? Kaling'oe ulale." Wa pili akamkata kauli: "Aling'oe jicho lipofuke? Nenda kalizibe, mwanangu. Jino la pembe si dawa ya pengo." Wa tatu akapendekeza karafuu. Muuza kahawa akagonga vikombe vyake mara mbili, akasema anamjua mtu huko Pongwe anayetoa mdudu wa jino kwa moshi.

Kijana akalipa, akawasha pikipiki, akaondoka na maumivu yake na majibu manne.

Mabishano haya nayajua kwa ndani. Niliwahi kuziba gego la mwisho la chini, halikumaliza mwaka likazibuka, nikaishia kwenye koleo. La juu, upande wa pili, lilizibwa msimu huohuo na mpaka leo linatafuna miwa. Kinywa kimoja, shimo la ukubwa uleule, majibu mawili. Kilichoyatenganisha ni mahali kila jino lilipokaa, na hilo barazani hakuna aliyemuuliza kijana.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima mwenye meno kamili ana meno 32. Magego ni yale mapana ya nyuma, ya kusagia. Madaktari wa meno huhesabu kutoka katikati ya kinywa kwenda nyuma, kama sisi tunavyohesabu barabara za Ngamiani: moja, mbili, tatu, mpaka nane. Namba sita huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, namba saba akiwa na miaka 12 hivi, na namba nane, lile la mwisho kabisa, mara nyingi kati ya miaka 17 na 25. Kwa kuwa linakuja mtu ameshajitambua, wengine huliita jino la akili. Ni jina tu. Ukiling'oa akili inabaki palepale, na wapo ambao halikuota kabisa na wanafundisha vyuoni.

Tatizo la namba nane ni kuchelewa kufika. Ni abiria wa mwisho wa daladala: siti zimejaa, konda anasema "sogeeni sogeeni", naye anaishia kukaa upande, nusu ndani nusu mlangoni. Taya likiwa na nafasi, namba nane husimama wima kama wenzake. Likikosa, hulala likamwegemea namba saba, au hutokeza nusu na nusu ikabaki chini ya ufizi. Hilo ndilo madaktari huliita jino lililokwama.

Na kutoboka je? Bakteria wa kinywani hula sukari na wanga tunavyokula, kisha hutoa tindikali. Tindikali hiyo hulainisha jino kidogokidogo kila tunapotafuna kitu kitamu. Fikiria nazi. Enameli, ganda la nje la jino, ni kifuu: gumu, halina hisia. Chini yake kuna dentini, laini zaidi, kama nyama ya nazi. Ubovu ukifika hapo huenda mbio na baridi huanza kuuma. Katikati kuna kiini chenye neva, yaani mishipa ya fahamu, na mishipa ya damu. Ubovu ukifika kiinini, mjadala unabadilika, na tutafika huko.

Sasa twende ufukweni Deep Sea maji yakiwa yametoka, tuwatazame mafundi wa vyombo. Mashua ikivuja, fundi huipandisha mchangani, huiacha ikauke, hukwangua pamba ya zamani iliyooza, ndipo akatia kalafati: pamba mpya iliyochovywa mafuta, ikigongwa kwa chembeu mpaka iingie sawasawa kati ya mbao. Anaikubali kazi hiyo kama mbao zilizobaki ni nzima, mkono wake unafika penye ufa, na mahali hapo panaweza kukaushwa. Likikosekana moja, atakwambia ukatafute ubao mwingine. Sijawahi kumwona fundi anayetia kalafati chombo kikiwa kinaelea.

Kuziba jino ni kutia kalafati. Daktari hukwangua ubovu wote, hukausha tundu, hujaza. Kuna ziba ya rangi ya fedha, iitwayo amalgamu, ambayo ni mchanganyiko wa zebaki na fedha na madini mengine. Kuna nyeupe ya kompositi inayogandishwa kwa taa ya buluu. Na kuna glasi ayonoma, isiyo imara kama hizo mbili lakini yenye uvumilivu kwenye unyevu. Kompositi haivumilii. Mate yakiipitia kabla haijashika, siku hiyo utaliona jino zuri la kupigia picha, na baada ya miezi itaachia.

Na mate hujaa wapi kuliko pengine? Kule nyuma kabisa, chini, penye namba nane. Ulimi unasukuma huku, shavu linasukuma huku, mkono wa daktari una nafasi ya vidole viwili. Kliniki niliyokwenda mara ya kwanza ililiziba jino langu la chini huku ufizi ukiwa umevimba na kulifunika kwa nyuma. Nilimwona aliyekuwa akiniziba akibadilisha pamba ya kufyonza mate mara tatu, na kila alipoitoa ilikuwa imelowa. Alikuwa anatia kalafati chombo kikielea. Simlaumu kwa mkono wake. Namlaumu kwa kutoniambia kwamba kazi haiwezekani.

La juu lilikuwa habari nyingine. Niliyemkuta kliniki ya pili alikuwa mwanamama mpole, ana kioo kidogo cha mpini mrefu na sauti ya mtu anayebembeleza mtoto. Mimi, kwa kutaka kusaidia, nikapanua kinywa kama kiboko. "Hapana, kaka, umepanua mno. Funga nusu. Sasa peleka taya upande huu." Nikashangaa. Akaeleza: ukipanua sana, ncha ya mfupa wa taya la chini husogea mbele na kuziba njia ya kwenda kwenye gego la juu la mwisho. Ukifunga nusu, njia inafunguka. Alilikausha, akagonga kwa mpini wa kioo, akapuliza hewa baridi, akaniuliza, "Inauma ikabaki, au inauma ikaondoka?" Ikaondoka. Akaziba, akanipa karatasi ya rangi niing'ate ili aone panapogonga zaidi, akapasugua, basi.

Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: jino limesimama wima, limetoka lote, na linafikika? Kipimo cha nyumbani ni mswaki wako. Kama mswaki haufiki, mashine ya daktari itapata tabu, na hata ikifika leo, wewe hutaweza kuitunza ziba kesho. Ubovu utaanza upya pembeni yake. Jino lililotoka nusu lina mfuniko wa ufizi juu yake, na chini ya mfuniko huo nyuzi za embe na punje za wali hulala humo siku nzima. Ufizi huo huvimba, ukapona, ukavimba tena. Mtu wa namna hiyo akizibiwa, amenunua muda tu.

Swali la pili: jino lina mwenzake? Gego la juu na la chini ni mchi na kinu. Namba nane ya chini isiyokutana na ya juu haisagi chochote. Ni kinu kisicho na mchi, kinachokusanya vumbi uani. Kinachopotea ukiling'oa ni kidogo sana, na hapa ndipo methali ya mzee wetu inapoteleza: jino la pembe si dawa ya pengo, lakini pengo la namba nane huwa halihitaji dawa yoyote. Ni nadra mtu kutengenezewa jino la bandia kule nyuma.

Lakini mzee wa "kaling'oe ulale" naye ana pa kuteleza. Wapo wengi miongoni mwetu waliong'olewa namba sita au saba tangu wakiwa shule, kwa sababu ndilo gego lililowahi kuota, likawahi kukutana na sukari. Mtu kama huyo, namba nane yake inaweza kuwa ndilo gego pekee la kusagia upande ule, na pengine limeshasogea mbele kushika nafasi ya aliyeondoka. Linaweza pia kuwa nguzo ya kushikilia meno ya bandia baadaye. Kwake yeye namba nane si mgeni tena, ni mwenye nyumba, na lastahili kupiganiwa. Kabla hujamwambia mtu ang'oe, mwambie kwanza apanue kinywa umhesabie magego yaliyobaki.

Ndipo tunakuja kwenye kina cha shimo, jambo ambalo watu huanza nalo. Maumivu yana lugha yake. Baridi au kitu kitamu kikikuchoma, kisha maumivu yakaondoka mara tu ukimeza, kiini mara nyingi bado kizima. Ziba inatosha kama jino linafikika. Maumivu yakibaki dakika kadhaa baada ya maji kupita, au yakikuamsha usiku bila kuchokozwa, kiini kimeshaumwa kiasi cha kutorudi. Usiku huzidi kwa sababu ukilala damu huelekea kichwani na shinikizo ndani ya jino hupanda. Jino likiuma ukiligonga au ukilitafunia, mara nyingi uchafu umeshatoka kwenye ncha ya mzizi.

Kisha kuna ukimya unaodanganya. Mtu aliteseka wiki nzima, ghafla kukawa shwari, akashukuru Mungu na karafuu. Mara nyingi neva imekufa. Bakteria wako kazini, na siku watakaporudi watakuja na usaha.

Kiini kikifa, kuziba juu juu hakusaidii; ni kupaka rangi ukuta ambao bomba limepasuka ndani. Zinabaki njia mbili: kutibu mzizi, yaani kusafisha mifereji ya ndani ya jino na kuijaza, au kung'oa. Kwa namba sita au saba ningesema kopa hela ukatibu mzizi. Kwa namba nane ni mara chache. Mizizi yake haina adabu: mingine imeungana, mingine imepinda kama ndoana, na vifaa vya kuisafisha ni sindano ndogo zinazotaka njia iliyonyooka na kinywa kinachopanuka. Hufanyika pale tu jino linapokuwa mwenye nyumba niliyemsema juu.

Upande wa pili wa mizani nao unataka uangalifu, maana kuna watu wanaodhani namba nane ing'olewe kwa kuwa tu ipo. Uingereza, mwaka 2000, taasisi yao inayotoa miongozo ya tiba ilielekeza kwamba magego ya mwisho yaliyokwama lakini hayana ugonjwa yaachwe. Miongoni mwa sababu zilizokubaliwa za kung'oa ni ubovu usiozibika, usaha, uvimbe wa maji ndani ya mfupa, na madhara kwa jino la jirani. Shimo dogo kwenye jino lililosimama wima halimo humo.

Kung'oa la chini kuna hesabu yake maalumu. Ndani ya taya la chini kuna mfereji wenye neva inayoleta hisia za mdomo wa chini na kidevu, nao hupita karibu na mizizi ya namba nane, wakati mwingine ukiigusa. Neva nyingine, inayohudumia ulimi, hupita upande wa ndani. Neva hizi zikijeruhiwa, mdomo au ulimi hubaki na ganzi. Kwa walio wengi hisia hurudi baada ya wiki au miezi, kwa wachache hairudi. Ndiyo maana jino la chini lililolala linataka picha ya eksirei kabla ya koleo, hasa ile pana inayoonyesha mataya yote mawili. Daktari akikwambia "tung'oe tu" bila picha na jino limezama, uliza hospitali ya rufaa ya mkoa pale Bombo, au mtaalamu wa upasuaji wa kinywa. Umri nao huingia: kijana wa miaka 22 mfupa wake una unyumbufu, mtu wa miaka 50 mfupa umekomaa na kazi huwa ndefu zaidi. Kuliahirisha jino ambalo limeshahukumiwa si akiba.

Na lile la jicho kupofuka? Neva kuu ya hisia za uso ina matawi matatu: moja huenda sehemu ya paji na kuzunguka jicho, moja taya la juu, moja taya la chini. Shina ni moja, ndiyo maana gego la juu likiuma mtu huhisi kama jicho linavutwa. Lakini kuona ni kazi ya neva nyingine kabisa, isiyopita kwenye meno. Mtu akipata tatizo la jicho miaka mitano baada ya kung'olewa jino, jino ndilo hubebeshwa lawama kwa kuwa halipo la kujitetea. Hofu ya kweli kwa la juu ni nyingine, na ni nadra: mizizi yake iko jirani na uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu, unaoungana na pua, hivyo tundu linaweza kufunguka huko na maji ukinywa yakatokea puani. Hutibika, ila urudi mapema.

Mdudu wa jino hayupo. Kinachochimba ni bakteria wasioonekana kwa macho. Karafuu, kwa upande wake, haistahili kudharauliwa. Hapa Tanga tunatazamana na Pemba na harufu yake tunaijua. Mafuta yake yana yujenoli, inayotuliza jino, na madaktari wenyewe huichanganya na oksidi ya zinki kutengeneza ziba ya muda. Inanyamazisha, haizibi. Kidonge cha aspirini kilichobandikwa kwenye ufizi ni kosa kubwa zaidi: kinaunguza nyama, na unaishia na vidonda viwili badala ya kimoja.

Vile vidonge vya rangi mbili vya duka la dawa navyo vinahitaji neno. Antibayotiki haizibi shimo wala haifufui kiini. Ina nafasi pale uchafu unaposambaa, uso ukivimba au homa ikipanda, na hata hapo kisababishi lazima kitolewe. Kwa uvimbe usicheze. Ukiona taya halifunguki, chini ya kidevu pamekuwa pagumu, ulimi unainuliwa juu, sauti imebadilika au kumeza mate ni shida, usisubiri asubuhi wala kahawa ya mtu. Njia ya hewa inaweza kuziba. Nenda hospitali usiku huohuo.

Ukiishia kung'oa, mwambie mtoa huduma kama una kisukari, mimba, au unatumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi. Ganzi huondoa maumivu, haiondoi kusukumwa, kwa hiyo kusikia jino linatikiswa kusikutie hofu. Baada yake ng'ata pamba nusu saa, usiteme teme, usivute kwa mrija, usivute sigara, usinywe cha moto siku hiyo. Lile donge la damu tunduni ndilo bandeji yako. Likitoka mapema, siku ya tatu hivi utapata maumivu makali yanayopanda mpaka sikioni na harufu mbaya. Tundu limekauka, rudi ukatiwe dawa.

Yule kijana alirudi barazani baada ya siku tano. Alikuwa amekwenda, amepigwa picha. Namba nane yake ya chini ilikuwa imelala, imeegemea namba saba, na katikati yao palikuwa pamekusanya uchafu wa miaka. Shimo lililomrusha akinywa maji lilikuwa kwenye namba saba, kwa nyuma, yeye akidhani ni la mwisho. Maumivu ya kiini cha jino hayana anwani, mtu huweza kuonyesha jino siyo. Wakamng'oa namba nane ili namba saba ifikike, na akapangiwa tarehe ya kuizibia, ufizi ukishapona.

"Si nilisema ang'oe," akasema mzee wa kwanza.

"Nilisema azibe," akasema wa pili, na wote wawili wakaagiza kahawa ya ushindi.

Kijana naye akanyoosha mkono apokee kikombe. Muuza kahawa akamtazama shavu lililotuna, akauliza aling'oa lini. "Leo asubuhi." Akakirudisha kikombe kwenye ndoo.